Kabla Hatujaitwa Wakristo, Tuliitwa Wasomaji

Washarika wanaofika nyumbani kwetu huiona rafu ya vitabu sebuleni, kisha huuliza swali moja kwa namna mbalimbali. Wengine huuliza kwa utani: "Mchungaji, hivi vyote umevimaliza?" Wengine huuliza kwa dhati kabisa: "Biblia unayo, Katekisimo unayo, Roho Mtakatifu yupo. Vitabu vingine vyote hivi ni vya nini?" Mara nyingi nimelijibu swali hilo kwa ufupi, mlangoni au baada ya ibada, huku watu wengine wakisubiri kunisalimu. Hapa nataka kulijibu kwa kirefu. Sababu zangu za kusoma ni zangu binafsi, lakini hazikuanza na mimi. Zilianza kabla babu yangu hajazaliwa, kando ya Ziwa Victoria, wakati ambapo watu waliomwamini Kristo walijulikana kwa jina jingine. Waliitwa wasomaji.

Katika Kiganda neno okusoma maana yake ni kusoma kitabu, ni kujifunza, na pia ni kwenda kuabudu. Mtu akisema anakwenda kusoma, huenda ana maana kwamba anakwenda ibadani. Mwishoni mwa karne ya 19 wale walioiacha dini ya jadi na kufuata mafundisho mapya waliitwa abasomi, yaani wasomaji. Jina hilo halikuwa la Waprotestanti peke yao, bali Wakatoliki nao waliitwa hivyo. Hata Waislamu, ambao walitangulia kufika kutoka pwani na kumfundisha Kabaka Mutesa herufi za Kiarabu, walihesabiwa kuwa wasomaji. Watu wa nchi ile walitazama wageni hawa wote wakaona jambo moja linalowafanana: imani yao ilikuwa ndani ya kitabu, na kila aliyejiunga nao alikaa chini akaanza na herufi.

Kijana kutoka Unguja

Tunapoisimulia historia ya kanisa letu tumezoea kuanza na wamisionari. Si vibaya, kwa kuwa wengi wao walitoa maisha yao. Lakini ukiangalia vizuri utamkuta mtu mwingine aliyetangulia mlangoni.

Mwaka 1875 msafiri Henry Morton Stanley alifika kwa Kabaka Mutesa. Katika msafara wake alikuwamo kijana Mwafrika aitwaye Dallington Scopion Muftaa. Kijana huyu aliwahi kuwa mtumwa, akakombolewa, akasomeshwa katika shule ya misioni ya UMCA kule Unguja. Stanley alipoondoka, Dallington alibaki ikulu ili amsomee Kabaka Maandiko na kuwafundisha watu wake. Wamisionari wa kwanza wa CMS walifika mwaka 1877. Kwa hiyo kwa muda wa miaka miwili hivi, mwalimu wa Maandiko katika nchi ile alikuwa kijana ambaye hakuwa mchungaji wala mwinjilisti aliyeingizwa kazini kwa ibada. Alichokuwa nacho ni kitabu, lugha ya Kiswahili, na uwezo wa kusoma.

Uwezo huo aliupata wapi? Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864, na huko misioni ilikuwa na mtambo wa kupigia chapa. Vijana waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa walifundishwa kusoma, kupanga herufi za risasi na kuchapa kurasa za Kiswahili. Naomba msomaji alifikirie jambo hili kidogo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Mtoto aliyeuzwa kama mbuzi, aliyepoteza jina la baba yake na njia ya kurudi kwao, alikaa mbele ya sanduku la herufi akazipanga moja moja hadi zikawa neno, na neno likawa habari ya Mwana wa Mungu aliyekuja kwa mfano wa mtumwa. Sidhani kama kulihitajika mtu wa kumweleza kwa nini anasoma.

Mwezi Novemba 1878 alifika Buganda Alexander Mackay, Mskoti aliyekuwa fundi wa mitambo. Naye alianza kazi kwa Kiswahili, akisoma mbele ya Kabaka tafsiri zilizotoka Unguja, huku akijifunza Kiganda. Alikuwa na chapa ndogo, akachonga herufi kwa mikono yake, akachapa karatasi za kusomea. Vijana waliokuwa wakihudumu ikulu walizichukua karatasi hizo wakafundishana. Aliyejua silabi tano alimfundisha asiyejua hata moja.

Kisha kusoma kukawa na gharama. Mutesa alifariki mwaka 1884, na mwanawe Mwanga akatawala. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu wa misioni ya Mackay waliuawa. Mwaka uliofuata, tarehe 3 Juni 1886, kundi kubwa lilichomwa moto Namugongo. Mashahidi wanaokumbukwa kwa majina kutoka miaka ile ni 45, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Sababu za Mwanga zilikuwa nyingi, na nyingine zilikuwa za kisiasa, kwa maana aliwaogopa wageni waliokuwa wakiisogelea nchi yake. Lakini katika msako ule kujulikana kuwa msomaji kulitosha kumtia mtu hatarini. Hata hivyo watu hawakuacha kusoma.

Mackay alilazimika kuondoka Buganda mwaka 1887. Alihamia Usambiro, kusini mwa ziwa, katika nchi ambayo leo ni Tanzania, akaendelea kutafsiri na kuchapa hadi homa ilipomwua mwezi Februari 1890. Kazi ya kutafsiri iliendelezwa na George Pilkington akishirikiana na Henry Wright Duta Kitakule, Mganda aliyekuwa miongoni mwa wasomaji wa mwanzo. Biblia nzima ya Kiganda ilikuwa tayari mwaka 1896. Ilichapwa katika umbo jembamba na nene ili iingie ndani ya kopo la biskuti, kwa sababu mchwa walikuwa wanakula vitabu. Watu walinunua vitabu kwa simbi, ambazo ndizo zilizokuwa fedha yao, wakavitunza ndani ya makopo. Sisi tuna makabati yenye vioo, na wakati mwingine mchwa wa siku hizi anaila Biblia yetu bila kuigusa karatasi.

Vitabu vilivuka mpaka

Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kugawana nchi zetu. Mstari ulipita magharibi mwa ziwa, Buganda ikaangukia upande wa Waingereza, na nchi ya Wahaya, pamoja na Kiziba iliyo jirani kabisa na Uganda, ikawa upande wa Wajerumani. Lakini mstari uliochorwa Ulaya haukumzuia mtu kutembea na kitabu chini ya kwapa.

Mimi ni mzaliwa wa Kagera, na hapa historia inaingia nyumbani kwetu. Miongoni mwa Wahaya waliovuka kwenda Uganda alikuwamo Andrea Kajerero wa Kiziba. Huko alikutana na Waprotestanti, akajifunza kusoma, akaamini. Aliporudi nyumbani hakukuta kanisa la kiprotestanti, mchungaji wala kengele. Alichofanya yeye na wenzake ni kile walichokiona Uganda, yaani walikusanyika wakasoma. Mwaka 1910 wamisionari wa Bethel, wakiongozwa na Ernst Johanssen, walipokuja kuanza kazi Bukoba, walikuta tayari wapo watu wanaosoma na kuomba pamoja.

Ninapowafundisha vijana wa kipaimara historia ya Dayosisi zetu za huku, nasisitiza jambo hili. Kwetu Injili haikuanza siku Mzungu aliposhuka kutoka kwenye meli. Ilianza kwa mnyororo wa wasomaji: vijana waliokombolewa Unguja, Dallington ikulu kwa Mutesa, vijana wenye karatasi za Mackay, Kajerero na wenzake Kiziba. Wamisionari waliijenga nyumba juu ya msingi ambao sehemu yake waliikuta.

Haukupita muda mrefu, na msingi huo ukapimwa. Mwaka 1914 vita vilianza. Waingereza na Wabelgiji walipoichukua nchi kutoka kwa Wajerumani, wamisionari wa Kijerumani katika Tanganyika walikamatwa na kuondolewa, na waliruhusiwa kurudi katika miaka ya 1920 tu. Katika sehemu nyingi za Kilutheri, kutoka Usambara na Kilimanjaro mpaka Bukoba, sharika zilibaki mikononi mwa walimu na wainjilisti Waafrika ambao wengi hawakuwa wamebarikiwa kuwa wachungaji. Hakukuwa na fedha kutoka Ulaya. Hata hivyo kanisa halikufa. Mtu aliyeondolewa hakuweza kuondoka na kile ambacho watu walikuwa wamekwisha kukisoma wenyewe. Jambo hilohilo lilitokea tena katika Vita Kuu ya Pili. Na tarehe 19 Juni 1963, makanisa saba yalipoungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, yaliyoungana yalikuwa makanisa yaliyokwisha kujifunza kusimama mara mbili bila mtu wa kuyashika mkono.

Katika nchi hiyohiyo ya wasomaji alizaliwa Askofu Josiah Kibira. Mwaka 1977 alichaguliwa kuwa Rais wa Shirikisho la Walutheri Ulimwenguni, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Alikuwa amekwisha kuandika kitabu juu ya kanisa, ukoo na ulimwengu, akiieleza kwa kalamu yake safari ya watu wake. Walioanza kwa kusoma habari zilizoandikwa na wengine walifika mahali pa kuandika za kwao.

Basi hii ndiyo sababu yangu ya kwanza ya kusoma vitabu: nasoma kwa sababu mimi ni mtoto wa wasomaji. Nikiacha kusoma sitakuwa nimeacha tabia ya Kizungu, kama wengine wanavyodhani. Nitakuwa nimeacha desturi ya wazee wangu katika imani.

Barua ya kusomewa

Sababu ya pili nilifundishwa na bibi yangu mzaa baba, bila yeye kujua kwamba ananifundisha.

Bibi hakupelekwa shule. Mwanawe mmoja alikwenda kufanya kibarua Kampala, na kwa miaka kadhaa alimwandikia mama yake barua. Barua zikifika, bibi alizipeleka kwa jirani aliyejua kusoma. Jirani alikuwa mtu mwema. Alisoma kwa macho, kisha akasema: "Hajambo, anakusalimu, atatuma fedha mwezi ujao, anauliza habari za shamba." Bibi alishukuru, akazichukua karatasi zake akaziweka ndani ya sanduku la nguo.

Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kampeni ya kisomo ikaenea nchi nzima. Mwaka 1967 watu wazima kama 67 kati ya 100 hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia mwaka 1977 walikuwa wamebaki kama 27. Bibi alikuwa mmoja wa waliovuka. Alijifunza chini ya mti, jioni, pamoja na wanawake wenzake waliotoka shambani. Siku alipoweza kusoma sentensi nzima alikwenda kwenye sanduku lake akazitoa barua zote za mwanawe.

Alituambia wajukuu kwamba alilia siku tatu. Si kwamba jirani alimdanganya. Kila alichosema kilikuwamo. Lakini kulikuwa na mengi ambayo hakuyasema, kwa sababu yalikuwa marefu, au kwa sababu mwanamume huona haya kumtamkia mama wa mtu mwingine maneno ya namna hiyo. Mwanawe aliandika kwamba amemwota. Aliuliza juu ya mguu wake uliokuwa ukimsumbua, akauliza tena katika barua iliyofuata, maana hakujibiwa. Kwa miaka yote hiyo bibi alipokea habari za mwanawe. Sauti yake alikuwa hajaisikia.

Tangu nilipoingia katika utumishi nimeikumbuka hadithi hii kila mara. Mkristo anayetegemea kusomewa Biblia Jumapili tu, na hata siku hiyo akasikiliza zaidi mahubiri kuliko somo, ni kama bibi yangu na jirani yake. Sisi wachungaji wengi ni majirani wema. Tunasoma, tunafupisha, tunawaambia: "Mungu anawasalimu, anaahidi baraka, anauliza habari za sadaka." Hatudanganyi. Lakini Baba ameandika mengi zaidi ya hayo, na mengine ameyaandika kwa ajili ya huyo mtu mmoja aliyeketi benchi la nyuma.

Na ole wetu jirani asipokuwa mwema. Katika miaka hii tumeona wanaosimama na vipaza sauti na nusu ya mstari wa Biblia, wakiwauzia watu chupa za maji na mafuta. Nimekaa na washarika waliouza ng'ombe na hata kiwanja kwa sababu waliambiwa kwamba imeandikwa. Nilipowauliza imeandikwa wapi, hawakujua. Nilipofungua nao ukurasa tukasoma mstari unaotangulia na unaofuata, walinyamaza. Nawahurumia, wala siwacheki. Mtu ambaye hajisomei hana namna ya kumwambia msomaji wake: "Hebu rudia, hapo umeruka."

Mtu aliyelielewa jambo hili kuliko wengi ni Martin Luther. Alikuwa mtawa na mwalimu wa chuo kikuu, amesomewa na kufundishwa sana, lakini dhamiri yake haikupata amani mpaka alipokaa yeye mwenyewe na Waraka kwa Warumi, akiligeuza neno juu ya haki ya Mungu usiku na mchana, hata akaelewa kwamba ni haki ambayo Mungu anatupa bure kwa imani. Alipofichwa katika ngome ya Wartburg baada ya kikao cha Worms cha mwaka 1521, alitumia muda ule kutafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani. Lilitoka Septemba 1522, na Biblia nzima ikatoka 1534. Mwaka 1524 aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwasihi wajenge shule, za wavulana na za wasichana, na wasione uchungu kutumia fedha kwa ajili ya maktaba. Na mwaka 1529, baada ya kuzikagua sharika na kushtushwa na hali aliyoikuta, aliandika Katekisimo Ndogo ili mkuu wa nyumba aweze kuwafundisha watu wa nyumbani mwake. Hakuiandika kwa ajili ya wachungaji peke yao. Alitaka barua ifunguliwe mezani, nyumbani, na mwenye barua.

Wenzangu katika huzuni

Sababu yangu ya tatu sikuwahi kuieleza mimbarani.

Nilipokuwa mwaka wa pili wa utumishi tulimzika mdogo wangu. Nilikuwa nimekwisha kuongoza mazishi mengi, na maneno ya faraja niliyajua kwa moyo. Siku ile niliwasikia wachungaji wenzangu wakiyasema maneno yaleyale kwangu, nami nikaona hayaingii. Niliamini kila neno. Hata hivyo moyo wangu ulikuwa umefungwa. Kwa majuma kadhaa niliomba kwa shida.

Katika siku hizo nilisoma habari za Johann Ludwig Krapf. Nilikuwa nimesoma habari zake katika maktaba ya chuo cha theolojia kwa ajili ya mtihani, nikakariri miaka. Safari hii nilisoma polepole. Krapf alikuwa Mjerumani wa Württemberg, mtoto wa kanisa la Kilutheri, aliyetumwa na CMS. Alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosine aliyekuwa mjamzito. Mwezi Juni alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na mwanazuoni Mwislamu wa mji ule. Mwezi Julai Rosine alijifungua binti, na siku chache baadaye akafariki kwa homa. Mtoto naye akafariki. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa hata hakuweza kusimama vizuri. Aliwazika ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara. Kisha aliwaandikia waliomtuma kwamba kaburi lile ni alama kuwa kazi katika pwani hii imeanza.

Nilipoikariri habari hiyo chuoni niliiona kama ushujaa. Nilipoisoma nikiwa na kaburi langu niliona kitu kingine. Niliona mtu aliyerudi kwenye meza yake, penye kitabu cha Mwanzo ambacho hakijamalizika, akatafuta neno la Kiswahili la kueleza kwamba Mungu aliumba na akaona ni vyema. Alilitafuta neno hilo huku nyumba yake ikiwa kimya. Sikupata jibu la swali langu katika habari za Krapf. Nilipata mwenzangu. Mtu aliyekufa mwaka 1881 alikaa nami mahali ambapo walio hai, pamoja na upendo wao wote, hawakuweza kufika. Maombi yalirudi taratibu.

Ndiyo maana nasoma vitabu vya watakatifu waliotutangulia, na historia, na maisha ya watu. Katika Kanuni ya Imani tunakiri ushirika wa watakatifu. Vitabu havikuleta ushirika huo, ulioletwa na Kristo. Lakini kitabu ni mojawapo ya milango ambayo kwayo wale waliolala wanaingia na kuketi nasi.

Hofu ya vitabu

Najua wapo wanaohofu kwamba kusoma sana kunapoza imani. Hofu hiyo si ya kudharauliwa, kwa maana wapo waliosoma wakawa na majivuno, na majivuno yakawatoa kanisani. Lakini majivuno hayahitaji kitabu. Nimewaona watu wenye majivuno ambao hawajafungua hata kimoja. Liwali Festo alimwona Paulo amerukwa na akili kwa sababu ya elimu yake nyingi. Paulo huyohuyo, akiwa mfungwa na mwisho wake umekaribia, alimwagiza Timotheo amletee joho lake, na vitabu, hasa vile vya ngozi. Alikuwa ameona maono, alikuwa amenyakuliwa hadi mbingu ya tatu, lakini kwenye baridi ya gereza bado alitaka kusoma. Kama mtume alivihitaji vitabu, mimi ni nani nivione kuwa ni mzigo?

Wapo pia wanaosema vitabu ni ghali. Ni kweli. Kitabu kimoja kinaweza kulingana na sukari ya mwezi, na mama mwenye watoto wanne hatauacha unga dukani ili anunue historia ya kanisa, wala mimi sitamwambia afanye hivyo. Lakini wasomaji wa kwanza hawakuwa na kitabu kila mtu. Waligawana karatasi. Jumuiya ya watu kumi na wawili ikichanga kidogo kidogo inaweza kununua kitabu kimoja kila miezi mitatu, kikazunguka nyumba hadi nyumba, na baada ya mwaka watu kumi na wawili wamesoma vitabu vinne. Katika usharika wetu jumuiya mbili zinafanya hivyo. Wanabishana kuliko zamani, na wanaombeana kuliko zamani.

Na yule ambaye macho yamechoka, au hakupata kujifunza, hajaachwa nje. Towashi wa Kushi alikuwa akisoma garini mwake kitabu cha Isaya, na alijua kusoma kuliko watu wengi wa wakati wake, lakini alihitaji Filipo apande akae karibu naye. Kijana wa kipaimara anayemsomea bibi yake sura moja kila jioni anafanya kazi ya Filipo, na kazi ya Dallington pia. Ninachomwomba kijana huyo ni kimoja tu: asifupishe. Asome yote, hata yaliyo marefu, hata yale anayoona haya kuyatamka. Bibi anayo haki ya kuisikia sauti ya aliyemwandikia.